Kubadili kocha katikati ya msimu: tumeipima huduma inayonunuliwa na kila timu inayozama

Kuna huduma ambayo klabu za Ligi Kuu hununua kila msimu bila kuuliza bei wala dhamana: kumwondoa kocha mkuu na kumleta mwingine huku ligi ikiendelea. Kigoma imeinunua, Tabora imeinunua zaidi ya mara moja. Kwenye vijiwe vya kahawa vya Mwanga na Ujiji, timu ikipoteza mechi tatu mfululizo hakuna anayeuliza kama kocha aondoke. Kinachoulizwa ni nani aje. Hapa tunaipima huduma hii kama fundi anavyopima pampu kabla ya kuishusha kisimani: inasukuma maji kiasi gani, inakula mafuta kiasi gani, na ikiharibika inaharibikia wapi.

Tuanze na kile hasa unachopata.

Kocha mpya akitua Kigoma Jumatatu na mechi iko Jumamosi, ana mazoezi manne ya maana ya uwanjani. Siku ya kwanza ni kufahamiana, siku ya mwisho ni mazoezi mepesi. Mechi ikiwa ugenini, toa siku za barabarani: kutoka ziwani kwenda Ruangwa kucheza na Namungo ni kuvuka nchi nzima, magharibi hadi kusini mashariki. Kwa hiyo katika wiki mbili za mwanzo anapata mazoezi manane akiwa na bahati, manne au matano akiwa hana. Ndani ya muda huo anaweza kurekebisha mambo machache tu. Anaweza kushusha mstari wa mabeki kwa mita kumi, kubadili nani anaanza, kumrudisha kiungo mkabaji kwenye nafasi yake, na kupanga upya mipira iliyokufa.

Mipira iliyokufa ndiyo sehemu ambayo huduma hii hulipa haraka zaidi, na inashangaza jinsi viongozi wanavyoipuuza wakati wa kuhoji makocha. Timu inayozama huruhusu mabao mengi ya kona na faulo za pembeni, na sababu karibu kila mara ni mojawapo ya hizi tatu. Ya kwanza, hakuna mtu wa kudumu kwenye nguzo ya karibu, kwa hiyo mpira mfupi unaoguswa kidogo unapita mbele ya kila mtu. Ya pili, kipa anabanwa na wachezaji wawili wa wapinzani na hakuna aliyepewa kazi ya kumfungulia njia. Ya tatu, mpira unapigwa kichwa ukatoka hadi nje kidogo ya boksi, na pale hakuna mtu wa kuuwahi, unarudishwa ndani kabla mabeki hawajageuka. Hayo yote yanafundishika kwa vipindi vitatu vya dakika 25. Kocha anayeomba wiki sita ili kuyarekebisha hana sababu ya kupewa kazi ya uokoaji.

Pumzi ni jambo jingine. Timu ambayo haikujengwa vizuri kabla ya msimu haipati pumzi Januari kwa sababu jina la kocha limebadilika. Kuijenga upya kunataka karibu wiki sita za mazoezi yaliyopimwa, na ukijaribu kuyabana ndani ya wiki mbili huku mechi zikiendelea, unachovuna ni misuli ya nyuma ya paja iliyochanika. Makocha wapya wengi hufanya kosa hili. Wanataka kuonyesha ukali, wanakimbiza watu mara mbili kwa siku kwenye jua la Tabora, na ndani ya mwezi mabeki wawili wa pembeni wako nje.

Sasa matokeo ya huduma yenyewe yanavyoonekana hapa nyumbani. Msimu wa 2024/25 ulitoa mifano ya kutosha. Kagera Sugar ilianza na Paul Nkata, ikamleta Melis Medo, ikaishia mikononi mwa Juma Kaseja. Ikashuka. KenGold nayo ilibadili benchi, tena ikaingia sokoni kwa nguvu kwenye dirisha dogo la usajili la katikati ya msimu. Ikashuka. Tanzania Prisons iliachana na Mbwana Makata, ikampa timu Amani Josiah, na ikabaki kupitia mchujo. Mashujaa ya Kigoma iliachana na Abdallah Mohamed, yule Bares, ikamchukua Salum Mayanga, na ikabaki. Timu nne, huduma ileile, mbili zimepona na mbili zimezama. Ukitupa sarafu juu unaweza kupata matokeo hayohayo.

Tabora ndiyo darasa refu zaidi. Tabora United, ambayo tangu 2025 inaitwa TRA United, ilianza msimu huohuo na Francis Kimanzi, kisha Anicet Kiazayidi akashika usukani. Tarehe 7 Novemba 2024 ikaifunga Yanga 3-1 pale Chamazi, Dar es Salaam. Hapo mwenye kutetea huduma hii ana haki ya kusimama na kusema: mnaona? Ni ushahidi wa kweli na hatuufichi. Lakini Kiazayidi naye hakumaliza msimu, na Aprili 2025 Yanga ilipokuja Tabora, uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, iliondoka na ushindi wa 3-0. Dawa ilifanya kazi kisha nguvu zake zikapungua, na klabu ikarudi dukani kununua nyingine.

Upande wa pili wa mechi ile ya Chamazi unafundisha zaidi. Yanga ilikuwa imefungwa 1-0 na Azam tarehe 2 Novemba, ikafungwa na Tabora tarehe 7, na tarehe 15 ikaachana na Miguel Gamondi, kocha aliyekuwa amewapa ubingwa wa 2023/24. Akaja Sead Ramović, na mechi yake ya kwanza akafungwa nyumbani 2-0 na Al Hilal ya Sudan. Februari 2025 Ramović akaondoka kwenda CR Belouizdad ya Algeria, akaja Miloud Hamdi, na Yanga ikachukua ubingwa. Makocha watatu, ubingwa mmoja wa ligi. Maana yake kwa klabu ndogo ni nzito: Yanga ilistahimili misukosuko ya benchi kwa sababu kikosi chake kilikuwa bora kuliko vingine. Anayekopi maamuzi ya Yanga bila kuwa na wachezaji wa Yanga amekopi nusu tu, tena ile nusu ya gharama.

Simba nao waliinunua. Novemba 2023, siku mbili baada ya kufungwa 5-1 na watani wao, walimwondoa Robertinho. Akaja Abdelhak Benchikha, kocha mwenye makombe ya Afrika. Aprili 2024 Mashujaa ikawatoa kwenye Kombe la Shirikisho la TFF kwa penalti, hapa hapa Kigoma, uwanja wa Lake Tanganyika. Benchikha akaondoka mwezi huohuo na Simba ikamaliza ya tatu. Aliyekuja kwa msimu mpya, Fadlu Davids, akiwa na muda wa maandalizi na usajili wake, aliifikisha timu fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika 2025. Klabu inayomleta kocha Julai na klabu inayomleta Novemba zinanunua vitu viwili tofauti, hata kama mkataba unafanana.

Kwa nini basi watu wanaamini huduma hii inafanya kazi kuliko inavyofanya? Kwa sababu ya muda inaponunuliwa. Klabu humfukuza kocha ikiwa imefika chini kabisa, na timu iliyofika chini kwa kawaida hupanda kidogo yenyewe: majeruhi wanarudi, ratiba inalegea, ule mpira uliokuwa unagonga mwamba unaanza kuingia. Bas ter Weel aliichunguza ligi ya Uholanzi ya misimu ya 1986 hadi 2004, akalinganisha timu zilizofukuza kocha na timu zilizokuwa zimeporomoka vilevile lakini zikabaki na makocha wao. Zote zilipona kwa kasi inayokaribiana. Leicester City ya Uingereza ni mfano unaokumbukwa: Krismasi ya 2014 ilikuwa mkiani, ikamwacha Nigel Pearson kazini, ikashinda mechi 7 kati ya 9 za mwisho na kubaki. Msimu uliofuata, chini ya Claudio Ranieri, ikawa bingwa ikiwa na sehemu kubwa ya wachezaji walewale.

Hatusemi kocha asiguswe kamwe. Tunachosema ni kwamba pima kwanza, na vipimo havihitaji mtaalamu kutoka Ulaya.

Chukua simu yenye kamera nzuri, iweke kwenye kigoda cha miguu mitatu juu ya jukwaa, usawa wa mstari wa katikati, irekodi dakika zote 90. Betri ya akiba ni lazima, simu hupata joto na kujizima kipindi cha pili. Fanya hivyo mechi tano. Kisha watu wawili wakae, kila mmoja na karatasi yake, wahesabu bila kuangaliana: mashuti tuliyopiga ndani ya boksi, mashuti tuliyopigiwa ndani ya boksi, mabao tuliyofungwa baada ya dakika ya 75, mabao ya mipira iliyokufa, na mara ngapi tulipoteza mpira kwenye theluthi yetu wenyewe.

Kama wastani ni mashuti sita yetu kwa matano yao na bado tunafungwa, tatizo ni umaliziaji au kipa, na kumfukuza kocha ni kumwadhibu mtu kwa bahati mbaya. Kama ni mawili yetu kwa tisa yao, timu inatawaliwa kweli, na hapo swali la kocha ni halali. Mabao mengi baada ya dakika ya 75 yanaelekeza kwenye pumzi, au kwenye kocha anayechelewa kufanya mabadiliko. Angalia dakika anazoingiza watu. Kupoteza mpira karibu na goli mara kwa mara mara nyingi ni kocha anayelazimisha kuanza mpira kwa pasi fupi huku mabeki wake hawana miguu hiyo. Huo ndio udhaifu wa kocha hasa, na ndio unaotibika kwa kocha mwingine.

Angalia pia ratiba kabla ya kuhesabu pointi. Timu iliyocheza na Yanga, Simba, Azam na Singida Black Stars ndani ya mechi sita, nne kati yake ugenini, ikivuna pointi tatu haijafanya maajabu wala haijafa. Ligi ina timu 16 na mechi 30; mbili za mwisho hushuka moja kwa moja, ya 13 na ya 14 huingia kwenye mchujo. Timu inayopata wastani wa pointi moja kwa mechi inamaliza na 30, na hapo ndipo viongozi huanza kupata usingizi. Ukiwa na pointi 11 baada ya mechi 15, unahitaji 19 kwenye 15 zilizobaki. Inawezekana. Ukiwa na 11 baada ya mechi 24, hata kocha bora barani hana mahali pa kuzitoa.

Kipimo cha mwisho ndicho wengi hukiruka, na ndicho tungekiweka cha kwanza: wachezaji wamelipwa? Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kuvunja mkataba akikosa mishahara miwili, baada ya kuipa klabu notisi ya maandishi ya siku 15. Kikosi kilichofika hapo hakimsikilizi mtu. Mchezaji anayefikiria kodi ya chumba cha Isevya hawezi kumkaba mtu dakika ya 88, na kocha mpya atawakuta walewale, kwenye basi lilelile, wakidai posho zilezile. Kubadili nahodha hakuzibi tundu la mtumbwi, na watu wa Kibirizi wanalijua hilo bila kufundishwa.

Sasa bei, ambayo ndiyo sehemu mbaya kabisa ya huduma hii. Tuchukue mfano wa hesabu. Kocha mkuu analipwa shilingi milioni 6 kwa mwezi, msaidizi wake milioni 2.5, mikataba imebakiza miezi minane. Ukiwafukuza bila sababu ya kisheria, unadaiwa milioni 48 na milioni 20, jumla 68. Kocha mpya, kwa kuwa anajua umebanwa, anataka 7, na anakuja na msaidizi wa milioni 3. Miezi minane hiyo ni milioni 80. Kwa hiyo benchi lililopaswa kugharimu 68 sasa linagharimu 148, kabla hujalipa nyumba, tiketi na vibali. Kwa zile 80 za ziada ungeweza kuchukua straika wa milioni 4 na beki wa kati wa milioni 3 kwa miezi hiyo minane, ukatumia 56, na ukabaki na 24 za kusafirisha timu kwa utulivu. Kwa timu inayopigiwa mashuti tisa ndani ya boksi, beki huyo ana thamani kuliko hotuba mpya chumbani.

Kwa kocha wa kigeni hatari inaongezeka. Tangu 1 Januari 2021 kanuni za FIFA zina sehemu maalumu ya makocha. Mkataba usipotaja fidia, hesabu huanzia mshahara wote uliobaki, kisha hupunguzwa kwa kile atakachopata kazini kwingine ndani ya kipindi hicho. Ana miaka miwili ya kufungua madai. Akishinda na klabu isilipe ndani ya siku 45 baada ya kujulishwa, inaweza kufungiwa kusajili hadi madirisha matatu mfululizo. Viongozi waliomfukuza mara nyingi wameshaondoka madarakani wakati barua hiyo inapofika.

Tabora haihitaji kuelezwa timu bila usajili inafananaje. Agosti 2023 Kitayosce, ambayo baadaye ikawa Tabora United, iliingia Chamazi kuikabili Azam na wachezaji 8 tu kwa sababu wengine hawakuwa wamekamilishiwa taratibu. Azam ikafika 4-0 ndani ya robo saa, wachezaji wakapungua chini ya 7, na mechi ikaishia hapo kama sheria inavyotaka. Timu hiyo ilipigana msimu mzima na kubaki kwa mchujo dhidi ya Biashara United. Kila senti ya fidia isiyolipwa inasogeza klabu kuelekea jioni kama ile.

Makosa ya ununuzi yanajirudia mno. Klabu inatangaza kuachana na kocha kabla haijapata mwingine, wiki tatu zinapita chini ya kaimu ambaye wachezaji wanajua hana sauti. Au inamleta kocha ambaye leseni yake haitoshi; kocha mkuu wa Ligi Kuu anatakiwa awe na CAF A au inayolingana nayo, na asipokuwa nayo anakaa jukwaani huku msaidizi akisaini karatasi. Au kocha wa kigeni anatua, anapigwa picha na jezi, halafu kibali cha kazi na kibali cha ukaazi havijatoka, mechi mbili zinampita. Jingine ni kufagia benchi zima. Kocha wa makipa na daktari wanajua nani ana goti bovu na nani hulala asubuhi ya mazoezi. Ukiwaondoa siku moja na kocha mkuu, mpya anaanza gizani.

Kama vipimo vimeonyesha kwamba kocha kweli ndiye tatizo, inunue hivi. Soma mkataba uliopo kabla ya kikao, si baada yake. Tafuta kipengele cha fidia na kipengele cha malengo. Zungumza naye ana kwa ana kuhusu kuachana kwa makubaliano, mpe miezi miwili au mitatu taslimu, na mwandikiane hati inayosema hakuna anayemdai mwenzake. Pesa hiyo iwe imeshaingia benki kabla ya barua kuandikwa. Kocha mpya awe ameshakubali, leseni yake imeshaonekana kwa macho, na awe ameitazama timu kwenye zile video za mechi tano. Mwulize swali moja: kati ya mabao kumi ya mwisho tuliyofungwa, matano yanazuilikaje ndani ya wiki mbili? Anayejibu kwa kutaja majina na nafasi, mpe mkataba hadi mwisho wa msimu, wenye nyongeza ya moja kwa moja timu ikibaki. Anayejibu kwa kusema wachezaji hawana moyo, mlipe nauli ya kurudi.

Wakati mzuri ni siku chache kabla ya dirisha dogo, ambalo kwa kawaida huanza katikati ya Desemba na kufungwa katikati ya Januari. Ligi hupumzika kupisha Kombe la Mapinduzi, na kocha anapata wiki mbili au tatu za kufundisha bila mechi pamoja na nafasi ya kuongeza watu wawili. Kununua huduma hii Machi, dirisha limefungwa na zimebaki mechi nane, ni kumpa fundi nyumba inayoungua na kumnyima maji.

Kwa klabu yenye mdhamini mkubwa, kikosi kizuri kinachochezeshwa vibaya, na pesa ya fidia mkononi, tunaipa huduma hii alama 7 kati ya 10. Kwa timu ya kawaida ya ukanda wetu, yenye mishahara inayochelewa na beki mmoja wa kati mzima, tunaipa 3, na hizo tatu ni kwa ajili ya mipira iliyokufa peke yake. Timu ya aina hiyo ina njia ya bei nafuu zaidi: imbakize kocha, imlete mtu mmoja wa kusimamia kona na faulo kwa miezi mitatu, ilipe mishahara ya miezi miwili kwa mkupuo, na itoe tarehe ya kuhesabu upya yale mashuti baada ya mechi sita. Tarehe hiyo kocha aijue, iandikwe, na isisogezwe mbele wala nyuma kwa sababu ya kelele za jukwaani.